Maneno ya Kireno katika Pwani ya Sabaki, na Haja ya Kuijua Lugha Yalikotoka

Kila aliyepata kufika Malindi ameiona ile nguzo nyeupe yenye msalaba, iliyosimama juu ya mwamba ukingoni mwa bahari. Msalaba wenyewe ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Nguzo inayoubeba ni ya matumbawe ya hapa hapa pwani. Wageni huletwa kuitazama, wakapiga picha, wakaenda zao. Mwandishi wa makala haya ameipita nguzo hiyo mara nyingi, na kila mara hujiuliza: mbali na jiwe hili, Wareno walituachia nini katika ndimi zetu, na sisi ambao lugha ndiyo kazi yetu tumekichunguza kwa kiasi gani kitu hicho tulichoachiwa?

Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa orodha. Katika vitabu vya shule, na hata katika mihadhara ya vyuo, husemwa kwamba Kiswahili kilikopa kutoka Kireno maneno kama vile meza, leso, bendera, mvinyo, gereza na pesa. Orodha hukaririwa, huulizwa katika mtihani, na mambo huishia hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba orodha hiyo ina walakini. Baadhi ya maneno yaliyomo hayastahili kuwamo. Yale yanayostahili hayakuingia yote kwa wakati mmoja wala kwa mlango mmoja. Na jambo ambalo mwandishi analiona kuwa zito kuliko yote ni kwamba hatutaweza kuamua hili wala lile maadamu Kireno chenyewe tunakisoma kwa macho ya watu wengine.

Malindi ya zamani na Malindi ya leo

Yafaa kwanza tukumbuke historia kwa ufupi. Merikebu tatu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi katikati ya mwezi wa Aprili 1498, baada ya kukosana na watu wa Mombasa. Mwandishi wa shajara ya safari ile aliyasifu majumba ya Malindi, marefu, yaliyopakwa chokaa, yenye madirisha mengi, akaufananisha mji na Alcochete, mji mdogo ulio karibu na Lisbon. Tarehe 24 Aprili waliondoka kuelekea Bara Hindi wakiongozwa na rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi. Tangu hapo, kwa karibu miaka mia, Malindi ilikuwa rafiki ya Wareno na Mombasa ikawa adui yao. Francis Xavier alipita hapa mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa, na kanisa dogo la Wareno pamoja na makaburi yake bado lipo mjini. Mwaka 1593 ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza Mombasa, na mfalme wa Malindi akahamishiwa huko akapewa utawala wa mji aliokuwa akishindana nao. Ngome ilitekwa na Waomani mwezi wa Desemba 1698. Wareno wakarudi mwaka 1728, na mwaka uliofuata wakaondolewa kabisa.

Haya yanajulikana. Lakini kuna jambo moja ambalo wanaisimu hulisahau. Baada ya watawala wake kuhamia Mombasa, Malindi ilififia, na kadiri miaka ilivyopita ikawa mahame. Malindi ya leo ni mji ulioanzishwa upya mwaka 1861, wakati wa Seyyid Majid wa Unguja, kwa watu waliotoka sehemu mbalimbali za pwani na kwa watumwa waliofanya kazi katika mashamba ya nafaka. Kwa hiyo, neno la Kireno linalosikika sokoni Malindi leo si urithi wa moja kwa moja wa yule mfalme aliyempokea da Gama. Limekuja na watu wa Lamu, wa Mombasa na wa Unguja. Mji uliokuwa mwenyeji wa Wareno kabla ya miji mingine yote ya pwani hii hauwezi kutumiwa kuwa ushahidi wa mkopo wa zamani kuliko yote. Hili ni jambo la ajabu kidogo, na ni la kutufanya tujihadhari.

Tena, hata mazungumzo yale ya kwanza ya mwaka 1498 hayakuwa baina ya Kireno na Kiswahili. Da Gama alikuwa na mkalimani wake, Fernão Martins, aliyejua Kiarabu. Wakuu wa Malindi nao walikijua Kiarabu. Lugha hizi mbili zilikutana kwanza kupitia mlango wa tatu.

Sauti zinavyoshuhudia

Maneno yenyewe yana ushahidi ndani yake, iwapo tutayasikiliza kwa makini badala ya kuyahesabu. Tuchukue neno leso, kutoka «lenço», na neno turufu la wacheza karata, kutoka «trunfo». Katika Kireno irabu iliyotangulia «ç» na «f» hutamkwa puani. Kiswahili kimeuondoa ung'ong'o huo, kwa sababu hakipendi sauti ya puani ikaribiane na vikwamizo s na f. Lakini katika bendera, kutoka «bandeira», ung'ong'o umebaki kwa kuwa nd ni mfuatano uliozoeleka kabisa katika lugha za Kibantu. (Wazee wengi wa pwani husema bandera, na kamusi za zamani zimeliweka neno hili kwa sura hiyo pia, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na asili.) Hapa hatuoni mapokezi ya kubahatisha. Tunaona kanuni.

Vivyo hivyo kwa konsonanti zilizofuatana. Kireno huziacha bila irabu kati yake. Mswahili huipachika irabu, naye haichagui ovyo. «Carta» limekuwa karata, «trunfo» limekuwa turufu, «fronha» limekuwa foronya, na «igreja», baada ya kupoteza irabu ya mwanzo, limekuwa gereza. Katika kila neno irabu iliyopachikwa ni nakala ya ile iliyo jirani yake: a kwa a, u kwa u, o kwa o, e kwa e. Katika «vinho» Kiswahili kimeipokea «nh» kama ny bila taabu yoyote, kikaongeza m- mwanzoni, na mvinyo ukaingia katika ngeli moja na mti na mkate. Katika «caixa» herufi «x» husikika kama sh, nasi tukapata kasha. Neno limau nalo mara nyingi huhesabiwa kuwa la Kiarabu. Lakini Kiarabu kingetupa umbo lenye n mwishoni, ilhali «limão» la Kireno linaieleza -au yetu barabara.

Kanuni kama hizi ndizo zinazotuwezesha kuamua kesi zenye utata. Kuna wanaosema kwamba meza haikutoka Kireno bali ilitoka Kiajemi au lugha za Kihindi, ambako neno «mez» lina maana ile ile. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini tazama: neno la kigeni linaloishia kwa konsonanti huongezewa irabu na Kiswahili, na baada ya z irabu hiyo huwa kwa kawaida i, kama ilivyo katika azizi na hirizi. Tungetazamia mezi. Kireno kinaandika «mesa», lakini «s» iliyo kati ya irabu mbili hutamkwa z, na a ya mwisho imo tayari. Meza ni Kireno, na ushahidi wake umo katika irabu yake ya mwisho.

Lakini kanuni ile ile ikiweza kutetea, yaweza pia kushitaki. Katika gereza sauti iliyoandikwa «j» katika Kireno imekuwa z. Ikiwa hivyo ndivyo, «caju» lingalipaswa kuwa kazu. Mbona watu wa pwani husema kanju? Katika lugha nyingi za Bara Hindi, ambazo nazo zililikopa neno hilo kutoka Kireno, husemwa «kaju», na j yake ni ya kutamkwa kama j yetu. Yaelekea sana basi kwamba kanju lilifika kwetu likiwa limekwisha kupitia vinywa vya Wahindi. Mtu aweza kupinga kwa kutaja parafujo, kutoka «parafuso», ambamo z ya Kireno imekuwa j bila Mhindi yeyote kuhusika. Mwandishi anakiri kwamba neno hilo linamsumbua. Neno moja halivunji kanuni, lakini laitikisa.

Leso na gereza

Tukiacha sauti tukaingia katika maana, yako maneno mawili ambayo yanastahili kukaliwa zaidi.

Katika Kireno «lenço» ni kitambaa cha kujifutia au cha kujifunga kichwani. Unguja na Tanganyika neno leso limebaki na maana hiyo: ni kile kitambaa kidogo cha mfukoni. Lakini kuanzia Lamu hadi Vanga, mwanamke akisema leso hamaanishi kitambaa cha kufutia jasho. Anamaanisha vazi la jozi lenye pindo, mji na jina, ambalo ng'ambo ya mpaka huitwa kanga. Masimulizi ya pwani hueleza kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa vya leso vilivyokuwa vikiuzwa bila kukatwa, wakavikata vitatu vitatu na kuviunga kwa sindano, wakapata vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo zilizopigwa chapa nzima. Ikiwa ndivyo, badiliko hili la maana lilitokea zaidi ya miaka mia baada ya Mreno wa mwisho kuondoka Mombasa. Neno liliendelea kuishi dukani na mwilini bila ya wenyewe, likapata maana ambayo mwenye lugha asingeitambua. Yafaa pia kuangalia kwamba hapa wasemaji wa kusini ndio waliohifadhi maana ya kale, na wa kaskazini, ambako Wareno walikaa zaidi, ndio waliobuni mpya. Wale wanaodhani kwamba neno la mkopo hubaki safi zaidi mahali lilipoingilia wana la kufikiri.

Gereza lina historia iliyo nzito zaidi. «Igreja» ni kanisa. Mtu anayelisikia jambo hili mara ya kwanza hucheka, akidhani ni kejeli ya wahenga. Mara nyingi huelezwa kwamba badiliko lilitokea Mombasa, kwa kuwa ndani ya Ngome ya Yesu mlikuwa na kanisa na baadaye ngome ikawa jela. Ni kweli ngome ilitumiwa kuwa jela na Waingereza tangu mwaka 1895 hadi 1958, ndipo ikafanywa kuwa mahali pa kumbukumbu. Lakini maelezo hayo peke yake hayatoshi, maana neno gereza lilikuwako kabla ya Waingereza. Unguja ushahidi ni bora zaidi. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani, baada ya kuwatoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na katika karne ya 19 ikafanywa jela. Jina la kanisa likabaki mahali pale, likahamia kwenye ngome iliyolimeza, kisha likahamia kwenye kazi iliyofanywa ndani ya ngome. Hatua ya kati haipo katika dhana tu: Kilwa Kisiwani ile ngome iliyoko ufukweni huitwa Gereza hadi leo, na jina hilo linalitaja jengo lenyewe. Kanisa, ngome, jela: hatua tatu, na kila moja ina jengo lake la kuonyeshwa kwa kidole. Ni nadra katika taaluma ya asili ya maneno kupata ushahidi uliojengwa kwa mawe na chokaa.

Na pale Malindi, lile jengo dogo la Wareno lenye makaburi huitwa kanisa, neno lililotoka Kiarabu. Wareno walituachia jengo la ibada na jina lake. Jina tukalipeleka kwingine.

Mlango wa Goa

Ni desturi kufikiri kwamba Kireno kiliingia pwani yetu kutoka Lisbon. Jina tunalowaita wenyewe linatuambia vingine. Mreno ni mtu wa «reino», yaani ufalme. Lakini ni nani amwitaye mwenzake mtu wa ufalme? Si yule aliye ndani ya ufalme, bali yule aliye mbali nao. Katika Goa, Mreno aliyezaliwa Ulaya alitofautishwa na yule aliyezaliwa Bara Hindi kwa kuitwa «reinol». Jina letu basi limechukuliwa kutoka katika usemi wa Wareno wa Bara Hindi, ambako ndiko Mombasa na Malindi zilikotawaliwa kutoka. Makapteni, mapadri, askari, mabaharia na watumwa wa nyumbani walitoka huko.

Goa pia ndiko alikopelekwa yule Mswahili ambaye, kwa kadiri tujuavyo, alikijua Kireno kuliko Mswahili mwingine yeyote wa zama zake. Yusuf bin Hassan alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Malindi waliohamishiwa Mombasa. Baba yake aliuawa mwaka 1614, baada ya kugombana na kapteni wa ngome, na mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Kiagustino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alisoma, akatumika katika vyombo vyao vya vita, akarudi kutawala Mombasa. Tarehe 16 Agosti 1631 aliasi, akaiteka ngome na kuurudia Uislamu. Habari zake nyingi tunazipata katika ushahidi uliokusanywa na Kanisa huko Goa kuhusu Wakristo waliouawa katika maasi yale, ambao Freeman-Grenville aliutoa kitabuni mwaka 1980. Mtu huyu husimuliwa kama shujaa au kama mwasi, kutegemea nani anasimulia. Sisi wa lugha tungeweza kumtazama kwa jicho jingine: hapa alikuwako mtu wa pwani ya Sabaki aliyeishi ndani ya lugha zote mbili.

Baada ya mwaka 1729 mlango wa Goa haukufungwa. Katika karne ya 19 Wagoa walifika Unguja na Mombasa wakiwa wapishi, washona nguo, waandishi wa forodha na wenye maduka, nao walikuja na Kikonkani na Kireno. Hebu tutazame ni vitu gani vyenye majina ya Kireno katika nyumba ya Mswahili: kopo, buli, foronya, kasha, bweta, meza, sapatu. Je, vitu hivi viliingia kwa askari wa ngome au kwa wapishi wa Kigoa? Orodha za shule haziulizi swali hili, ilhali ndilo swali lenyewe.

Karata zaweza kutusaidia. Mchezo mzima unazungumza Kireno: karata, turufu, na aina zake nne, kopa, uru, pao na shupaza, kutoka «copas», «ouros», «paus» na «espadas». Zote nne zimeiacha «s» ya mwisho, ambayo ni alama ya wingi tu katika Kireno. Lakini tusimame kwenye shupaza. Sh yake ya mwanzo inaonyesha kwamba yule aliyetamka «espadas» mbele ya Mswahili aliitamka «s» hiyo kama sh, kama Wareno wa Lisbon watamkavyo leo. Na ushahidi wa wazi wa matamshi hayo katika maandishi ya Kireno ni wa karne ya 18. Ikiwa hivyo, ama neno hili liliingia kwetu mwishoni kabisa mwa zama za Wareno au baadaye, kwa Wagoa. Ama Kiswahili kimehifadhi ushahidi wa matamshi ya zamani kuliko ule walionao wataalamu wa Kireno wenyewe. Kwa vyovyote vile, neno la barazani la wazee wetu linaweza kuwa na la kuwaambia wataalamu wa Lisbon.

Iko dalili nyingine ya namna hiyo. Leso, kopo na mvinyo yana o mwishoni, lakini sapatu, kutoka «sapato», ina u, kama vile turufu na uru. Katika Kireno cha leo «o» ya mwisho isiyotiliwa mkazo husikika kama u. Kwa turufu na uru mtu aweza kudai kwamba u ya mwisho imezifuata u zilizotangulia. Sapatu halina udhuru huo. Mwandishi anaelekea kuamini kwamba tuna tabaka mbili za mikopo hapa, zilizotamkwa na watu wa zama tofauti.

Vitu bila majina, na majina yasiyo yao

Mashambani mambo ni tofauti. Zama za Wareno ndizo zilizoleta katika Afrika mazao mengi ya Amerika. Tungetazamia basi majina ya Kireno shambani, na kweli yapo: nanasi kutoka «ananás», papai kutoka «papaia», kanju tuliyokwisha kuitaja. Pera ni kichekesho: katika Kireno «pera» ni tunda jingine kabisa la nchi za baridi, na tunda letu wao huliita «goiaba», bila shaka mtu fulani aliyatazama matunda haya akaona sura yanafanana. Lakini yale mazao mawili yaliyokuja kuwa chakula chenyewe cha watu hayakubeba jina la Kireno hata kidogo. Mahindi kwa jina lake yanadai kuwa yametoka India. Wagiriama, ndugu zetu wa karibu katika jamii ya Kisabaki, huyaita matsere. Muhogo nao una jina la Kibantu. Anayefikiri kwamba neno na kitu husafiri pamoja daima na atembee katika mashamba ya Kilifi.

Kinyume chake ni yale maneno ambayo Wareno wamepewa bila kuyatoa. Pesa ndilo linalojulikana zaidi. Mwandishi amewahi kusahihisha karatasi za mtihani ambamo karibu kila mwanafunzi alilitaja «peso», na karatasi ya majibu iliyotoka kwa watahini nayo ilisema hivyo hivyo. Pesa ni «paisa» ya Wahindi, sarafu ndogo ya shaba iliyoenea pwani katika karne ya 19. Kosa hili lina ndugu yake ardhini. Kwa miaka mingi kila gofu la pwani, kila kisima kilichojengwa kwa mawe, lilisemwa kuwa ni la Wareno. Tangu James Kirkman aanze kuchimba Gedi mwaka 1948, imedhihirika kwamba mji ule ulikuwa wa watu wa pwani wenyewe, na ulikuwapo karne nyingi kabla ya da Gama. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Magofu yamerudishiwa wenyewe, maneno bado.

Kusoma kwa macho ya wengine

Hapa tunafikia jambo lililomfanya mwandishi ashike kalamu. Habari nyingi za pwani yetu baina ya 1498 na 1729 zimeandikwa kwa Kireno. Wengi wetu tunazisoma katika tafsiri za Kiingereza: makusanyo ya Theal, yaliyotolewa baina ya 1898 na 1903, maandiko yaliyochaguliwa na Freeman-Grenville mwaka 1962, na kitabu cha Justus Strandes, ambacho kiliandikwa kwa Kijerumani mwaka 1899 na kufasiriwa mwaka 1961. Kazi hizi zimetusaidia sana, na hatuna haki ya kuwalaumu walioifanya kazi tuliyoiacha. Lakini tafsiri huficha.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Katika maandishi ya Wareno watu wa Malindi na Mombasa huitwa «mouros». Kwa Mreno wa karne ya 16, «mouro» ni Mwislamu, awe wa Morocco, wa Gujarat au wa Malindi. Neno halisemi lolote kuhusu kabila wala lugha. Wasio Waislamu wa bara waliwaita «cafres», neno ambalo wao wenyewe walilipata kwa Waarabu. Kwa hiyo «mouro» na «cafre» walitenganishwa kwa dini. Waandishi wengi wa zama za ukoloni waliposoma maneno haya walielewa Waarabu upande mmoja na Waafrika upande wa pili, na mji wa Waswahili ukageuka kuwa mji wa wageni. Mabishano marefu juu ya Mswahili ni nani yamelishwa kwa kiasi kikubwa na neno moja lililosomwa vibaya.

Mfano wa pili unahusu yule rubani wa Malindi. Husemwa mara nyingi kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, baharia na mshairi mashuhuri wa Julfar. Rai hiyo ilienezwa na Ferrand katika miaka ya 1920 akitegemea habari ya Kiarabu iliyoandikwa miaka mingi baada ya tukio, na Tibbetts aliipinga mwaka 1971. Waandishi wa Kireno wanasema vingine: João de Barros anamwita «Malemo Caná», akasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat, Castanheda anaandika «Canaqua». Mtu asiyejua Kiswahili ataona hapa jina la mtu. Mtu wa pwani ataona mwalimu. Katika usemi wa mabaharia wetu mwalimu wa chombo ndiye ajuaye njia ya bahari na nyota. Na «caná» hufungamanishwa na neno la Kihindi lenye maana ya mpiga hesabu wa nyota. Wareno hawakutuambia jina la mtu yule; walituandikia cheo chake, kwa kadiri masikio yao yalivyokisikia, na cheo hicho kiko hai vinywani mwetu. Msomaji wa Kireno bila Kiswahili hapati habari hii, wala msomaji wa Kiswahili bila Kireno.

Nini kifanyike? Kireno ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika kama kilivyo Kiswahili, na tangu 2019 lugha hizi mbili hukutana pia katika Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika. Nchi zisemazo Kireno ziliunda jumuiya yao mwaka 1996, na lugha yao ina siku yake ya dunia, tarehe 5 Mei, kama yetu ilivyo na tarehe 7 Julai. Milango ya kujiunga na wale wanaokikuza Kireno na utamaduni wake ipo. Nasi hatungeingia kama wageni wa jana: katika «Os Lusíadas», utenzi mkuu wa Camões uliotolewa mwaka 1572, ni mfalme wa Malindi anayeketi kumsikiliza da Gama akisimulia historia yote ya Ureno. Kila mtoto wa Kireno aliyepita shule amelisikia jina la mji huu. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili wanaojua kwamba Malindi imo katika utenzi huo?

Si lazima kuanza na makubwa. Darasa moja la kusoma Kireno, kwa wanafunzi wa uzamili wanaoshughulikia historia ya lugha, lingetosha kwa mwanzo. Na kitabu cha kwanza kiwe yale maandishi ya mwaka 1639 yaliyochongwa juu ya lango la Ngome ya Yesu, ambayo kila mwaka maelfu ya Waswahili hupita chini yake bila kuyasoma. Hatua ya pili iwe Msumbiji. Nurse na Hinnebusch, katika kazi yao ya mwaka 1993, waliihesabu Kimwani ya Cabo Delgado kuwa miongoni mwa lugha za Kisabaki, pamoja na Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Wamwani wameishi na Kireno bila kukatizwa hadi siku hizi, nasi tuliachana nacho mwaka 1729. Neno la Kireno litakalopatikana kwao na lisipatikane katika lahaja zetu yaelekea ni mkopo wa karibuni. Litakalopatikana kote, kwa sura iliyofuata kanuni zile zile za sauti, lina haki ya kudai ukale. Mwandishi angeanza na parafujo na shupaza, kisha angekwenda kuketi na wacheza karata wa kisiwa cha Ibo awasikilize wanavyozitaja zile aina nne.